Nyumba ndogo za wageni Mombasa: uliza hewa, maji na chai kabla hujalipa

Mkaazi wa Umoja aliandika:

Wandugu, likizo ya Agosti inakaribia, na kila nikipanda matatu nasikia watu wakipanga safari ya Mombasa. Mazungumzo ni yale yale: hoteli gani ya Nyali ina bwawa, gani ya Diani imeshusha bei, nani ana jamaa anayefanya kazi huko. Hesabu ikishapigwa, nusu ya kundi inajitoa kimyakimya. Uzi huu ni wa hao wanaojitoa.

Kisiwani kwenyewe, hasa Mji wa Kale na mitaa ya karibu kama Kibokoni na Makadara, ziko nyumba ndogo za wageni zenye vyumba vichache, nyingi zikiendeshwa na familia inayoishi mumo humo. Unalipia kitanda na chai ya asubuhi kwa bei moja. Huko ndiko ninakolala kila nikishuka Pwani, na nawaambia kwa moyo mweupe: aliyelala ufuoni ameiona bahari, aliyelala Mji wa Kale ameiona Mombasa.

Bei nitaisema kwa ufupi. Nilikolala mimi imekuwa kati ya shilingi 2,000 na 3,500 kwa chumba cha watu wawili, chai ikiwemo. Desemba hupanda. Mei, masika yanapomwagika, unaweza kuongea na mwenye nyumba mkaelewana. Kazi ngumu ni kutofautisha nyumba nzuri na mbaya zinazotoza bei moja, na hapo picha za mtandaoni hazisaidii kitu. Chumba chenye joto la kukukosesha usingizi hutoka vizuri tu kwenye picha. Kwa hivyo mimi hupiga simu. Siandiki ujumbe, napiga simu, nisikie anayejibu ni mtu wa namna gani.

La kwanza huuliza hewa. Sisi wa Nairobi tumezoea kulala na blanketi, tunakipima chumba kwa ukubwa na usafi, upepo tunausahau. Mombasa mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na usiku unyevu haupungui. Ukipewa chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, utakesha. Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, madirisha ni mangapi, yanatazama wapi. Mji wa Kale umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, mbele yake bandari ya zamani. Kusi, inayovuma kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, hutoka kusini-mashariki. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Dirisha la juu linalotazama maji hupata pepo zote mbili.

Waliojenga nyumba za zamani waliyajua haya. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita, na jua la mchana huchelewa kupenya. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazifiki mbali, kama mita 3 hivi, vyumba vilitoka vyembamba na virefu. Wageni wengi hulalamikia wembamba huo. Mimi nikiona chumba chembamba chenye madirisha pande mbili na panka la dari, naweka begi chini. Nakichagua hicho kabla ya chumba kipana cha saruji chenye mtambo wa baridi unaonguruma, tena ule unaozimika umeme unapokatika saa nane za usiku.

Halafu maji. Kisiwa hakina mto. Maji matamu hutoka mbali: mengine chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, mengine Marere katika Milima ya Shimba. Hayatoshi. Mtaa unaweza kukaa siku kadhaa mifereji ikiwa mikavu, ndiyo sababu nyumba za huko zina matangi, na nyingi zina kisima au hununua maji. Visima vya kisiwani vina chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, na chai ikipikwa kwa maji hayo utajua kwa funda la kwanza. Usiulize kama maji yapo, kwa sababu kila mtu atakujibu yapo. Uliza ya kuoga ni ya bomba au ya kisima, na ya kupikia yanatoka wapi. Mwenye nyumba mkweli atakwambia ya kuoga yana chumvi kidogo, lakini chumbani utawekewa ndoo ya maji matamu ya kujisuuzia. Huyo mlipie.

Na sasa chai, ambayo kwangu ndiyo roho ya nyumba. Uliza mnapewa nini asubuhi na nani anapika. Ukiambiwa mkate uliopakwa siagi, yai na soseji, hicho ungekipata Moi Avenue ya Nairobi kama ya Mombasa. Ukiambiwa mahamri na mbaazi, usikate simu bado. Uliza yanapikwa hapo au yananunuliwa.

Mahamri hayataki haraka. Unga hukandwa usiku kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki iliyotwangwa, ukafunikwa uumuke. Alfajiri husukumwa, hukatwa pembe tatu, na kutiwa katika mafuta yaliyopata moto sawasawa, la sivyo hayafuri, yanalala na kunywa mafuta. Mbaazi kavu hulowekwa, huchemshwa mpaka zikalainika, ndipo zikaungwa kwa kitunguu na manjano, likatiwa tui jepesi, na tui zito likaja mwisho moto ukiwa mdogo. Ni kazi ya usiku na alfajiri. Ndiyo maana katika nyumba inayojua kazi yake, mama wa nyumba hukuuliza kabla hujapanda kulala: "Kesho mutakunywa chai saa ngapi?" Nikisikia swali hilo moyo unatulia. Maana yake yuko mtu atakayeamka kwa ajili yetu, akapika kitu ambacho hakikai vizuri kikipoa.

Pale mezani ndipo safari yenyewe inapopangwa. Mwenye nyumba moja ya Kibokoni alinisikia nikisema naenda Fort Jesus saa sita, akaniambia niende mlango unapofunguliwa, kabla jua halijaunguza kuta, na saa sita nikae Marikiti kwenye kivuli nikinunua viungo. Alinieleza pia jinsi Wareno walivyoanza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, na Waomani walivyoizingira tangu 1696 hadi ikaanguka 1698, akionyesha kwa kidole kupitia dirishani upande walikotoka. Nilikuwa nimeyasoma shuleni. Sikuwahi kuyasikia kutoka kwa mtu ambaye mtaa wake umekaa chini ya ngome hiyo.

Jambo la mwisho ni adabu. Nyingi ya nyumba hizi ni za Waislamu. Pombe hairuhusiwi, viatu huachwa mlangoni, na hupiti sebuleni na taulo. Asiyeweza hayo asiende, atawaudhi watu bure.

Waliolala huko, au mnaotoka huko, ongezeni.

Baba Pacha wa Kasarani aliandika:

Mkaazi wa Umoja, umeandika vizuri na njaa umenitia, lakini hapo kwenye "aliyelala ufuoni ameiona bahari" sikubaliani nawe. Mimi nina watoto wawili wa miaka sita. Wanachotaka ni mchanga na maji. Kisiwani hakuna ufuo wa watoto kuchezea. Itabidi kila siku niwatoe Mji wa Kale, nivuke daraja la Nyali kwa matatu, nifike Jomo Kenyatta kule Bamburi, kisha jioni niwarudishe wakiwa na chumvi mwilini na usingizi machoni, kwenye foleni ya magari. Siku mbili tu mama yao atakuwa amechoka kuliko alivyotoka Nairobi.

Sisi hukodi nyumba ndogo Bamburi, mwendo wa dakika chache hadi ufuoni, ina jiko. Tunanunua samaki, tunapika. Si hoteli kubwa, na wala si ghali kuliko hizo zako ukigawanya kwa watu wanne. Usiwafanye watu waone wakilala karibu na bahari wamepoteza safari.

Kijana wa Githurai aliandika:

Swali la haraka. Mimi na mchumba wangu bado hatujaoana. Tutapokelewa?

Binti wa Kibokoni aliandika:

Assalam aleikum nyote. Nimezaliwa Kibokoni, sasa naishi South C kwa ajili ya kazi. Uzi huu umenifanya nimpigie mamangu simu.

Kakangu wa Githurai, jibu ni uliza mapema na useme kweli. Ziko nyumba hazipokei mwanamume na mwanamke wasiokuwa na ushahidi wa ndoa, na ziko ambazo hazikuulizi chochote zaidi ya vitambulisho. Nyingine zitawapa vyumba viwili. Usije ukadanganya mlangoni. Mwenye nyumba ana majirani, ana imamu wa msikiti wa mtaani, ana mabinti zake ndani. Ukimwambia kwenye simu, atakujibu kwa heshima, na kama kwake haiwezekani, mara nyingi atakuelekeza pengine.

Sasa niongeze ambayo Mkaazi hakuyataja.

Adhana. Mji wa Kale una misikiti mingi kwa karibu sana, na ule wa Mandhry pale Ndia Kuu umesimama tangu karne ya 16. Alfajiri utaamshwa, na baadaye kidogo utasikia milango, ndoo, na watu wakirudi msikitini wakiongea. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha nyuma. Sisemi kama kero, hiyo ndiyo sauti niliyokua nayo na hapa South C naitamani, lakini mgeni aijue kabla.

Salamu. Huku Nairobi mtu anapita watu kumi hajamsalimia hata mmoja. Kwetu ukitoka mlangoni utawakuta wazee wamekaa barazani. Wasalimie. "Sabalkheri" asubuhi, "masalkheri" jioni, au shikamoo kwa aliyekuzidi umri sana. Usalama wako katika mitaa ile unaanzia hapo. Ukishawasalimu, kila mtu anajua wewe ni mgeni wa nyumba fulani, na ukipotea kichochoroni mtoto atatumwa akurudishe. Kupotea utapotea, njia zile hazikunyooka.

Na kamera. Usiwapige picha kina mama bila ruhusa. Milango ya nakshi piga upendavyo, lakini kukiwa na mtu amekaa mbele yake, muombe.

Baba Pacha, kwako wewe nakubali kabisa. Mwenye watoto wadogo akae karibu na maji. Ila tazama kupwa na kujaa kabla hujawapeleka. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupwa mpaka miamba, unatembea juu ya mawe na kuna mafuma, wale wadudu wa baharini wenye miiba, na hakuna pa kuogelea. Saa ya maji kujaa husogea mbele kila siku kwa karibu dakika 50. Ukiuliza mvuvi asubuhi moja, siku zinazofuata utajihesabia mwenyewe.

Mwalimu wa Buruburu aliandika:

Nitaongea juu ya pesa, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Mwaka jana binamu yangu alilipa amana ya siku nne kwa nyumba aliyoiona mtandaoni. Picha nzuri, bei nzuri, mazungumzo yote kwa ujumbe. Alipofika mtaa ulioandikwa, nyumba ya namna hiyo haikuwepo na nambari ilikuwa imezimwa. Alikuwa na mkewe na mkoba mzito, saa mbili usiku.

Tangu hapo nawaambia watu hivi. Ongea kwa sauti, kama Mkaazi alivyosema. Muulize mtu huyo jirani yake ni nani, msikiti wa karibu ni upi, duka la karibu linauza nini. Anayeishi hapo atajibu bila kufikiri. Unapotuma kwa M-Pesa, jina la mpokeaji hujitokeza kabla hujakamilisha. Lisome. Kama nyumba ina nambari ya biashara, lipia huko, si kwa simu ya mtu usiyemjua. Na amana isizidi usiku mmoja. Mwenye nyumba wa kweli hataki pesa zote kabla hajakuona, anataka tu kujua kwamba unakuja.

Kuhusu kufika. Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau husimama vituo vya njiani na hukufikisha mchana. Ya saa tisa alasiri hufika usiku ukiwa umeingia. Ya saa nne usiku hukushusha Miritini kabla ya alfajiri, na Miritini ni bara, si kisiwani. Kabla ya kukata tikiti ya usiku, uliza nyumba kama kuna wa kukufungulia mlango saa hizo. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 Januari 2024, na tikiti huwahi kuisha likizo ikifika. Piga *639# mapema.

Mama wa Donholm aliandika:

Nimesafiri peke yangu, mwanamke mtu mzima, na ninazipenda nyumba hizi kwa sababu moja: zina wenyewe. Kwenye hoteli kubwa hakuna ajuaye nimetoka au nimerudi. Katika nyumba ndogo, jioni moja nilichelewa Mama Ngina nikila mihogo ya kukaanga na kutazama meli zikiingia Kilindini, na kurudi nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa barazani na kikombe cha kahawa tungu akinisubiri. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Haya, mwanangu, sasa nalala." Nina wajukuu na niliitwa mwanangu, na usiku ule nililala kama mtoto.

Lakini kagueni kitasa. Kiwe na komeo la ndani. Nyumba za zamani zina milango mizuri ya mbao ambayo haifungi sawasawa kwa sababu ya unyevu.

Na chandarua, tafadhali. Iangalie kwa mwanga, kama ina tundu omba nyingine. Watoto wetu waliozaliwa Nairobi hawajazoea malaria, na Pwani ipo. Mkirudi nyumbani na wiki moja, mbili, hata zaidi zikapita, kisha mtoto akapata homa, msidhani ni mafua ya Julai na Agosti. Mwambieni daktari mara moja kwamba mlikuwa Pwani, apime. Nimeona familia moja katika kanisa letu ikikaa na homa nyumbani siku nyingi mno.

Kijana wa Githurai aliandika:

Asante Binti. Nimepiga simu nyumba mbili leo. Ya kwanza walikataa kwa upole sana. Ya pili wamesema vyumba viwili, ghorofa ya pili, na watatupunguzia kidogo. Mchumba wangu amefurahi kuliko mimi.

Niliwahi Mapokezi aliandika:

Nilifanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni ya vyumba sita kisiwani kabla sijahamia Nairobi, kwa hivyo niwaelezeni upande wa pili wa meza.

Nyumba ndogo inaishi kwa hesabu nyembamba. Umeme, maji ya kununua, gesi, kufua shuka kila siku, leseni ya kaunti, leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, mshahara wa msichana wa usafi. Ukiweka nafasi kupitia tovuti kubwa za nje, sehemu ya pesa yako hukatwa kabla mwenye nyumba hajaigusa. Ukimpigia yeye mwenyewe, pesa yote inabaki mtaani, na nafasi yako ya kupunguziwa ni kubwa zaidi, kwa sababu anayo ya kukupunguzia. Tumieni tovuti kuzijua nyumba zilipo, halafu pigeni simu.

Mkifika tazameni ukutani. Leseni zikiwa zimetundikwa na daftari la wageni liko mezani, mnaandikishwa jina na nambari ya kitambulisho, hiyo ni nyumba inayofuata sheria. Msikasirikie daftari. Mkipatwa na jambo, ndilo litakalosema mlikuwa hapo.

Jambo jingine ambalo wageni hawalijui: chai hupikwa kwa idadi ya waliosema watakunywa. Ukibadilisha mawazo ukaondoka saa kumi na moja alfajiri bila kusema, mahamri yako yamekandwa, mbaazi zako zimepikwa. Mama wa kwetu hakuwahi kumlaumu mgeni mbele yake, lakini nilimwona akivihesabu vilivyobaki. Ukimwambia usiku unaondoka mapema, atakufungia kwenye karatasi ule njiani. Tulifanya hivyo mara nyingi sana.

Mkaazi wa Umoja aliandika:

Niliwahi Mapokezi, hilo la karatasi limenifikia. Wanaofanya hivyo nawaombea riziki.

Baba Pacha, kuhusu watoto nakupa haki yako. Lakini sijaachia yote. Kama mnakaa wiki, laleni Bamburi siku nyingi, kisha usiku mmoja au miwili ya mwisho wahamisheni kisiwani. Watoto wa miaka sita hawataki historia, sawa, lakini watakumbuka kulala chini ya chandarua katika nyumba yenye ngazi nyembamba, na kwenda kununua mkate wa mofa ukiwa bado moto. Watakumbuka feri ya Likoni pia. Anayetembea kwa miguu halipi chochote, mnavuka na kurudi. Kwa watoto wangu ile safari ya kuvuka ilishinda bwawa lolote.

Nalishikilia hili kwa sababu Mombasa tunaifanya iwe mchanga na viti vya kulalia, tunarudi Nairobi hatujaongea na mtu wa Mombasa isipokuwa anayetuletea soda. Sehemu ya Kiswahili tunachofundisha watoto wetu kwa mtihani ilikulia katika vichochoro vile. Pale mezani asubuhi mtoto anasikia "njoo" ikisemwa "ndoo", anasikia mtu mzima akiongea Kiswahili bila kuchanganya na chochote, kwa utamu, akimwomba apitishe sukari. Hilo shule ya Nairobi haina uwezo wa kumpa.

Dereva wa Rongai aliandika:

Vipi mwezi wa Ramadhani? Mimi likizo yangu hupangwa na kazi, huenda ikaangukia huko.

Binti wa Kibokoni aliandika:

Kakangu, nenda, na utaona mji ambao wengine hawauoni. Mchana mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa, kwa hivyo chakula cha mchana utakitafuta katikati ya mji au ule chumbani. Chai ya asubuhi nyumba nyingi bado humpa mgeni asiyefunga, ndani, faraghani. Ulizia tu. Usile wala kuvuta sigara ukitembea barabarani, hata kama hutaambiwa kitu.

Jua likizama ndipo mji unapofunguka. Futari huanza kwa tende na uji, au kwa maji tu, halafu baada ya swala zinakuja kaimati, viazi vya karai, bhajia, mishkaki, vibibi, mikate ya sinia, maji ya ukwaju. Ukiwa umelala kwa familia, kuna uwezekano mkubwa utaitwa. Ukiitwa nenda. Usilete pesa. Leta tende, au matunda. Watu hulala usiku mkubwa na huamshana kula daku, basi usitarajie kimya.

Bei za vyumba mwezi huo huwa nafuu, kwa sababu wageni hupungua. Siku za Idi ni kinyume chake, watu hurudi makwao na vyumba hujaa.

Baba Pacha wa Kasarani aliandika:

Mkaazi, umenibana. Nimeongea na mama pacha. Tutalala Bamburi siku tano, kisha usiku mmoja Mji wa Kale kabla ya treni ya kurudi. Nimepiga simu, chumba kiko ghorofa ya juu, madirisha mawili, moja linatazama bandari ya zamani. Maji ya kuoga yana chumvi, amesema mwenyewe kabla sijauliza. Mbaazi zinapikwa hapo hapo. Akaniuliza kama watoto wanakula pilipili.

Swali langu moja: tiketi zetu ni za treni ya saa tisa alasiri, na chumba tunatakiwa kukiacha saa nne asubuhi. Mizigo na watoto tunaviweka wapi hapo katikati?

Niliwahi Mapokezi aliandika:

Mizigo waachie hapo hapo mapokezi, ni kawaida, hawatozi. Yaandikeni mabegi majina yenu na mchukue vya thamani. Watoto wapelekeni Fort Jesus asubuhi, kuna kivuli na mizinga ya kutazama, kisha mrudi mle chakula cha mchana karibu na nyumba saa tano na nusu. Saa sita mtafute tuktuk au teksi mkutane na barabara ya Miritini mapema, kwa sababu magari makubwa ya bandarini hufunga njia bila taarifa. Stesheni kuna ukaguzi, mabegi hupangwa chini kwa mstari mbwa wayanuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, na kwa watoto wawili hiyo peke yake ni nusu saa. Chupa za achari na mafuta ya nazi zifungeni vizuri ndani ya nguo, zikimwagika humo hazitoki.